Kusajili ndege uliyoijenga mwenyewe Marekani

Ndege ya kiwandani, kama Cessna 172, hujengwa kwa muundo ulioidhinishwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Yako haina idhini hiyo, hivyo itapewa cheti maalumu cha majaribio, na mzigo wa ushahidi ni wako.

Sharti kuu: zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kujiburudisha. Zinazohesabiwa ni kazi zenyewe, si saa wala gharama. Injini, propela na magurudumu unaweza kununua tayari. Fundi uliyemlipa kukuungia mabawa ndiye anayekupunguzia hesabu. Piga picha kila hatua, nawe uonekane ukifanya kazi, kisha andika tarehe. Wengi hukwama hapa, hasa walionunua mradi ulioachwa nusu bila daftari la ujenzi.

Omba usajili mapema kwa fomu 8050-1 pamoja na 8050-88, ya kiapo cha umiliki. Kabla ya ukaguzi jaza fomu 8130-6, ya kuomba cheti, na 8130-12, ya kuthibitisha ujenzi, pima uzito wa ndege na uwiano wake, funga kibao cha utambulisho kisichoungua moto, na uandike EXPERIMENTAL (ya majaribio) karibu na mlango kwa herufi za inchi 2 hadi 6.

Kwa kawaida majaribio ya kuruka huchukua saa 25 ikiwa injini na propela zimeidhinishwa kwa pamoja, la sivyo 40. Abiria wa kulipa haruhusiwi kamwe. Omba pia cheti cha fundi wa ndege yako: bila hicho, itabidi umlipe mtu mwingine akufanyie ukaguzi wa kila miezi 12.