Jinsi ya Kujenga Mfumo wa Utambulisho wa Taifa Unaomjali Mwananchi na Kulinda Faragha Yake

Mamlaka nyingi za utambulisho huanza kazi kwa ununuzi: mashine za alama za vidole, kamera, seva na mitambo ya kuchapa kadi. Inafaa zaidi kuanza kwa kuuliza ni swali gani mfumo utatakiwa kulijibu, na ni nani mwenye haki ya kuuliza. Mwongozo huu unawalenga maofisa wa usajili, wanasheria wa serikali na watengenezaji wa mifumo katika Afrika Mashariki, ndiyo maana mifano yake mingi imetoka katika nchi zetu, na hasa Kenya, ambako Mahakama Kuu imekwisha kueleza kwa kirefu makosa ambayo jirani anaweza kuyaepuka bila kwenda mahakamani.

Sheria na tathmini kabla ya zabuni

Mfumo wa Kenya ulioitwa Huduma Namba uliingizwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, na wananchi wakasajiliwa kwa wingi mwaka 2019, huku Sheria ya Ulinzi wa Data ikitiwa saini Novemba mwaka huohuo, wakati taarifa zilikwisha kukusanywa. Tarehe 30 Januari 2020, katika kesi iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi wa Kenya, na wenzao, mahakama ilizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa taarifa za mahali mtu anapoishi kwa njia ya GPS, ikataka pia ziwepo kanuni kamili kabla mfumo haujaendelea. Oktoba 2021 mahakama hiyo iliamua kwamba utoaji wa kadi haukuwa halali, kwa sababu tathmini ya athari za mfumo kwa faragha haikufanywa kwanza. Tathmini hiyo inatakiwa na kifungu cha 31 cha sheria ya Kenya, na ripoti yake huwasilishwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kazi kuanza. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kusimamiwa na tume yake.

Andika tathmini kabla ya kutangaza zabuni, wala usingoje mzabuni apatikane, kwa maana mkataba ukishasainiwa kila pendekezo la kupunguza taarifa hugeuka kuwa gharama ya kubadilisha mkataba. Orodhesha kila taarifa utakayoomba, na mbele yake uandike huduma itakayoshindikana bila taarifa hiyo. Ukikuta sababu pekee ni kwamba huenda ikahitajika baadaye, iondoe kwenye fomu.

Namba isiyosema kitu

Muundo wa namba ya utambulisho huonekana jambo dogo, nao haurekebishiki kwa urahisi baada ya namba kugawiwa. Namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa ya Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Namba ya Uganda hudokeza jinsia na mwaka wa kuzaliwa. Yeyote anayeiona kwenye nakala iliyoachwa dukani anajua umri wa mwenyewe, na tarehe ya kuzaliwa ikisahihishwa, jambo la kawaida kwa watu waliozaliwa bila cheti, namba hubaki ikibishana na rekodi. Namba ya Aadhaar, yaani ya utambulisho wa India, ina tarakimu 12 za kubahatisha zisizofichua lolote, na tangu mwaka 2018 mwenye namba anaweza kutoa namba mbadala ya tarakimu 16 mahali ambapo hataki kuonyesha ile halisi. Austria imekwenda mbali zaidi: kila sekta ya utawala hupewa kitambulishi chake cha mtu yuleyule, hivyo rekodi za afya na za kodi haziwezi kuunganishwa na kila mwenye njaa ya kujua.

Fuata mantiki hiyohiyo katika uhakiki. Benki inayotaka kujua kama mteja ametimiza miaka 18 ijibiwe ndiyo au hapana, isipewe tarehe yake, jina la mama yake na picha yake. Mamlaka iwe pia na neno kuhusu kurudufu vitambulisho ovyo; daftari la mlinzi getini, lenye namba za wageni wa mwaka mzima, ni kanzidata isiyo na mlinzi.

Mtu atakayerudishwa dirishani

Pima mfumo kwa wale utakaowashinda. Vidole vya mfyatua matofali, mkata mkonge au bibi wa miaka themanini mara nyingi havisomeki, na nchini Uganda wapo wazee waliokosa posho ya uzeeni kwa sababu hawakuwa na kitambulisho au umri wao uliandikwa vibaya. Weka njia nyingine ya kuthibitisha tangu siku ya kwanza, kama vile picha, nyaraka za zamani au ushahidi wa watu wanaotambulika mtaani. Ofisa anayemkatalia mtu ampe sababu kwa maandishi, pamoja na jina la ofisi ya rufaa na muda wa kujibiwa, na huduma ya afya au ya chakula isisimame wakati rufaa inasubiriwa.

Kaskazini mashariki mwa Kenya yapo madhara ya namna nyingine. Wakati wa ukame, familia za Wakenya wenye asili ya Kisomali ziliingia kambi za Dadaab na kujisajili kama wakimbizi ili zipate mgao wa chakula. Miaka baadaye, vijana walioomba kitambulisho walikataliwa kwa kuwa alama zao za vidole zilikutwa kwenye rejesta ya wakimbizi. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha rejesta mbili, kanuni iseme taarifa zitatumika kwa jambo gani na hazitatumika kwa lipi, na kugongana kwa rekodi kuwe sababu ya kumsikiliza mtu, kusiwe hukumu.

Kumbukumbu za wanaochungulia, na siku taarifa zitakapovuja

Estonia humruhusu mwananchi aone ni ofisi ipi iliyofungua taarifa zake. Huku kwetu huduma hiyo ifike kwenye simu ya kitochi kwa ujumbe mfupi, na ipatikane pia kwenye ofisi ya kata. Kumbukumbu zenyewe zitunzwe na kitengo ambacho wasimamizi wa mfumo hawawezi kukifutia kitu.

Nywila iliyoibwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Kwa hiyo picha ghafi za alama za vidole zisitunzwe kwenye seva za wakala wa laini za simu wala za benki. Sheria ya Kenya inataka Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 baada ya uvujaji kugundulika. Andaa mapema tangazo la redio na bango la ofisi za kata, katika lugha za wenyeji, likieleza kilichovuja, namna ya kuzuia matumizi ya namba kwa muda, na dirisha la kwenda kulalamika. Kisha fanyeni zoezi la siku nzima la uvujaji wa kubuni, mkimhusisha karani wa kata, kabla kadi ya kwanza haijachapwa.