Unataka kuzalisha mbwa? Usianze kwa kutafuta dume

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Jike wangu ameingia kwenye joto, nitapata wapi dume mzuri?" Na mimi huwa naanza kwa kuuliza, hao watoto wakizaliwa wanaenda kwa nani? Hapo wengi wananyamaza, maana hawajafika huko, wanawaza kwanza wazaliwe alafu wateja watatafutwa. Sasa hebu fikiria mbwa mkubwa anaweza kuzaa watoto nane, hata kumi kwa mzao mmoja, na watoto kumi wa wiki saba ndani ya banda moja wanakula mara nne kwa siku, wanajisaidia kila kona, wanatakiwa wapate dawa ya minyoo na chanjo zote kwa wakati, na kila mmoja anahitaji mtu wa kumshika na kumzoesha. Kama huna watu kadhaa wa kuaminika ambao wameshasema wanasubiri, usipandishe msimu huu. Majike wengi wanarudi kwenye joto kila baada ya miezi sita au saba hivi, kwahiyo ukiacha mara moja hakuna kilichoharibika.

Na pia weka hela pembeni kabla ya kupandisha, hela ya upasuaji wa dharura, maana mtoto akikwama saa nane usiku huwezi kuanza kukopa. Kama hiyo hela haipo basi bado hujawa tayari, na hilo siyo kosa, subiri.

Tukija kwa mbwa wenyewe. "Mbwa wangu ni mzuri" siyo sababu ya kumzalisha, kila mtu anampenda mbwa wake. Angalia kwanza tabia. Jike muoga, anayejificha mgeni akija au anayeng'ata kwa hofu, watoto wake wanaichukua hiyo hofu kwenye damu na wanaichukua tena kwa kumwangalia mama yao wiki zote wanazokaa naye. Ukali wa hovyo hivyohivyo. Watu wanasema mbwa mkali ndo mlinzi mzuri, mimi sikubaliani kabisa, mlinzi mzuri ni yule anayejiamini na anayejua kutofautisha.

Alafu afya, na hapa naomba tukae kidogo maana ndo panapoharibika zaidi. Mbwa wa aina kubwa wana tatizo la nyonga, displasia, ambalo linarithiwa, na ubaya wake ni kwamba mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa. Nilikuwa na dume mmoja kifua kipana, mwendo mzuri, kila aliyekuja nyumbani alimtaka kwa jike wake. Kitu kimoja tu, akikimbia kwa kasi alikuwa anarusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura, mimi nikajua ni furaha. Alipofika miaka miwili nikampeleka akapigwe eksirei kabla sijamtoa kwa mtu yeyote. Daktari akaiweka picha kwenye mwanga akanionyesha kichwa cha mfupa wa paja, badala ya kuzama ndani ya kikombe cha nyonga kilikuwa kimekaa juujuu, kama yai uliloliweka kwenye kisosi. Nilihuzunika sana, ila siku hiyohiyo niliamua hapandi, tukamhasi, na aliishi na mimi mpaka uzee wake akiwa mlinzi wa nyumba tu. Fikiria angepanda majike sita tu kwanza, kungekuwa na watoto wangapi wanaochechemea?

Kwahiyo nyonga na viwiko vipigwe picha, na usikubali majibu ya mbwa mdogo kama ndo ya mwisho. Ile taasisi ya Marekani inayoitwa OFA haitoi daraja la mwisho la nyonga mpaka mbwa afikishe miezi 24, kuna njia nyingine ya PennHIP inayopima ulegevu wa nyonga kuanzia wiki 16, zote zinasaidia. Hiyo nayo ni sababu ya kutopandisha kwenye joto la kwanza, ukiacha kwamba jike mwenyewe bado anakua. Macho na moyo navyo vikaguliwe kulingana na aina ya mbwa, maana kila aina ina magonjwa yake, kasome ya aina yako.

Kuna magonjwa mengine hayaonekani kwa macho wala kwa eksirei mpaka upime jeni. Mbwa anaweza kubeba jeni moja mbovu na akawa mzima maisha yake yote. Ukimpandisha na mwenzake aliyebeba jeni hiyohiyo, kila mtoto ana uwezekano wa 25% kuugua, 50% kuwa mbebaji na 25% kuwa msafi. Upofu wa taratibu wa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kwa aina nyingi unakuja kwa njia hii. Siyo lazima umtupe mbebaji kama ni mbwa mzuri, unampandisha na aliyepimwa akaonekana msafi na hakuna mtoto atakayeugua, lakini lazima ujue, huwezi kubahatisha. Na ile rangi ya madoa yaliyochujuka inayoitwa merle, ambayo watu wanaikimbilia sana, usipandishe merle kwa merle hata uombwe vipi. Robo ya watoto kwa wastani wanarithi jeni mbili za rangi hiyo na wengi wa hao wanazaliwa viziwi au na macho yenye kasoro au vyote viwili.

Ndugu wa damu pia. Mtu anachukua kaka na dada wa mzao mmoja anapandisha, anasema analinda damu safi. Watoto wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana kiwango cha 25% cha muingiliano wa damu, wa nusu ndugu ni 12.5%, wa mabinamu wa kwanza 6.25%, na hiyo ni kama huko juu kwenye ukoo hakuna muingiliano mwingine. Kadri kinavyopanda ndivyo mizao inavyokuwa midogo na watoto wanavyokuwa dhaifu. Na jamani, cheti cha ukoo siyo cheti cha afya! Kile kinakwambia baba ni nani na babu ni nani basi, nyonga zao hakizijui.

Kwa wanaopenda mbwa wa pua fupi nawaomba mtafakari zaidi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa Boston Terrier, Bulldog na French Bulldog zaidi ya 80% ya mizao ilitoka kwa upasuaji. Mbwa ambaye hawezi kuzaa mwenyewe na hawezi kupumua vizuri akikimbia kidogo, mimi siwezi kumshauri mtu anayeanza aanzie hapo.

Kabla ya kupandisha, dume na jike wote wapimwe brusela ya mbwa. Huyu bakteria anaharibu mimba, mara nyingi kwenye siku ya 45 mpaka 55, anafanya dume awe tasa, dawa hazimmalizi kwa uhakika na binadamu anaweza kumpata kupitia majimaji ya uzazi. Mwenye dume akikataa kupima, ondoka na jike wako. Kuhusu siku ya kupandisha watu wanahesabu tangu damu ilipoanza kutoka, siku ya kumi na mbili hivi, lakini majike wanatofautiana sana, kipimo cha homoni ya projesteroni kwenye damu ndo kinakwambia yai linatoka lini. Wakishafungana waache, inaweza kuchukua nusu saa na zaidi, usiwavute wala usiwamwagie maji, unaweza kuwaumiza vibaya.

Mimba inachukua kama siku 63. Kuanzia siku ya 28 hivi ultrasaundi inaonyesha kama ipo, na baada ya siku ya 55 eksirei inakusaidia kuhesabu vichwa, hii naipenda sana kwasababu usiku wa kuzaa ukijua wako saba na umeshaona sita hulali. Chakula usikiongeze mwanzoni, wiki tano za kwanza anakula kawaida, kisha unakiongeza taratibu, na akishaanza kunyonyesha anaweza kuhitaji mara mbili mpaka mara nne ya chakula chake cha siku zote. Kosa linalofanyika sana ni kumpa vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba, mtu anaona anamsaidia kumbe mwili unazoea kuletewa, unaacha kuichota yenyewe kwenye mifupa, alafu maziwa yakianza kutoka kwa wingi kalsiamu inashuka ghafla kwenye damu. Ukimuona mama, hasa wiki za kwanza baada ya kuzaa, anahema sana, anatetemeka, anatembea amekakamaa, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, toa watoto wasinyonye na umkimbize kwa daktari.

Boksi la kuzalia liandae wiki moja au mbili kabla ili alizoee, na pembeni kwa ndani weka ubao uliojitokeza ili mtoto akibanwa ukutani apate pa kujificha mama asimlalie. Pima joto la mama asubuhi na jioni, likishuka chini ya nyuzi 37.2 za Selsiasi ujue mara nyingi atazaa ndani ya saa 24. Uchungu ukianza usimsumbue, ila mpigie daktari kama amesukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, kama zimepita saa mbili kati ya mtoto na mtoto na unajua bado wapo, au kama majimaji ya kijani yametoka kabla hata mtoto wa kwanza hajatoka. Usisubiri kukuche.

Watoto wakitoka, wanyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, mapema, ndani ya saa chache za kwanza, baada ya siku moja utumbo haupitishi tena ile kinga. Na joto! Wiki mbili za kwanza mtoto hawezi kujipasha mwenyewe, mahali anapolala pawe kati ya nyuzi 29 na 32 wiki ya kwanza, na kuwe na upande wenye ubaridi kidogo ambapo mama anaweza kujipumzisha. Mzao wangu wa kwanza nilipoteza mtoto kwa kutojua jambo moja. Nilimkuta amesogea pembeni, amepoa, mdomo baridi, nikaogopa ana njaa nikamnywesha maziwa kwa bomba la sindano. Mtoto aliyepoa tumbo lake halisagi chakula, yale maziwa yanakaa tu, na yanaweza kumpalia. Alikufa mkononi kwangu kabla ya jua kutoka. Kwanza unampasha, taratibu, kifuani kwako ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, mpaka mdomo uwe na joto na aanze kutafuta chuchu, ndo unamlisha. Nalirudia hili kwa kila anayeanza.

Nunua mizani ndogo ya jikoni, mfunge kila mtoto uzi wa rangi yake uliolegea shingoni (na uulegeze kila siku, wanakua haraka mno) na uwapime kila siku saa ileile. Mtoto mwenye afya anaongezeka kati ya 5% na 10% kwa siku na uzito wa kuzaliwa unakuwa mara mbili akifika siku ya saba mpaka ya kumi. Mizani inakwambia mapema kuliko jicho, mtoto ambaye leo hajaongezeka hata gramu moja kesho ndo utamuona amelegea.

Minyoo inapita kwa mama kwenda kwa watoto hata kabla hawajazaliwa, kwahiyo dawa inaanza wiki ya pili, kisha ya nne, ya sita na ya nane, na mama anapewa pamoja nao. Chanjo zinaanza wiki ya sita mpaka ya nane na zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Zinarudiwa kwasababu kinga aliyopata kwa mama bado inaizuia chanjo isifanye kazi na hujui kwa kila mtoto itaisha lini. Anayekwambia chanjo moja inatosha anakudanganya, na parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, haina huruma.

Kuanzia wiki ya tatu mpaka ya 12 hivi ndo akili ya mtoto inapokea dunia. Washikwe na watu tofauti, wanawake, wanaume, wazee, watoto wakisimamiwa, wakanyage nyasi na sakafu na mchanga, wasikie sufuria ikianguka na pikipiki ikipita. Mbwa aliyekulia kwenye banda la giza nyuma ya nyumba mpaka miezi minne ni vigumu sana kumrekebisha. Na asiondoke kabla ya wiki nane, mama na ndugu zake ndo wanaomfundisha kung'ata kwa kipimo.

Mnunuzi aje amuone mama na mahali watoto wanapolala. Muulize nani atabaki na mbwa mchana, alikuwa na mbwa gani kabla na walikufaje, na usiogope kumkatalia mtu mwenye hela mkononi. Mkataba uandikwe, na kifungu ambacho mimi siachi ni hiki: akishindwa kumtunza, muda wowote, hata baada ya miaka saba, mbwa anarudi kwangu na si kwa mtu mwingine. Hapo utagundua kwanini nilisema usizalishe wengi.

Namba za wanunuzi usizifute. Wapigie wiki ya kwanza, tena baada ya miezi mitatu, na mbwa wakifika miaka miwili waombe wawapige eksirei, hata kama gharama mnachangia. Andika majibu yote kwenye daftari la jike, ukurasa wa mzao huo. Kama watoto wawili watatu wametoka na nyonga mbaya basi dume yule na jike yule hawarudiani tena, na uwapigie wenye ndugu zao wote waliobaki uwaambie wasizalishe mpaka nao wapimwe.