Jinsi ya kuandika historia ya shirika la kimataifa la watoto, kwa mfano wa Save the Children

Mdogo wangu anayefanya kazi katika kituo cha watoto aliombwa aandae historia fupi ya Save the Children kwa ajili ya kijitabu, akaja kwangu na rundo la kurasa alizochapisha. Karibu zote zilianza na mama mwenye huruma na kuishia na picha ya mtoto anayetabasamu. Tuliziweka pembeni, tukaanza upya hivi.

Hatua ya 1: Kaunta buku

Chora safu tatu: mwaka, tukio, umelipata wapi. Kompyuta isubiri. Ukianza kwa kunakili na kubandika, unabeba sentensi za watu pamoja na makosa yao.

Hatua ya 2: Tafuta ugomvi ulioanzisha shirika

Mashirika mengi ya misaada yalizaliwa katikati ya mabishano, na hayo ndiyo vijitabu hupenda kuyafuta. Hapa ugomvi ulihusu watoto wa adui. Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Novemba 11, 1918, lakini meli za kivita ziliendelea kwa miezi kadhaa kuzuia chakula kuingia Ujerumani na nchi zilizokuwa upande wake. Dorothy Buxton, Mwingereza aliyekuwa akitafsiri magazeti ya Ulaya wakati wa vita, alijua njaa ilivyokuwa huko. Dada yake, Eglantyne Jebb, alisimama Trafalgar Square, London, mwaka 1919 akigawa vipeperushi vyenye picha ya mtoto wa Austria aliyekondeana, kichwa kikubwa na miguu kama vijiti. Alikamatwa kwa sababu vipeperushi havikupitishwa na wakaguzi wa serikali, akatozwa faini ya pauni 5. Mei 19 mwaka huohuo, Mfuko wa Save the Children ukazinduliwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall.

Utakutana na simulizi kwamba mwendesha mashtaka, Archibald Bodkin, alimpa Jebb pauni 5 zake mwenyewe, na kwamba huo ndio ukawa mchango wa kwanza. Faini iandike moja kwa moja. Hilo la mchango litangulizie neno “inasimuliwa”. Na tafadhali, Dorothy asiachwe nje. Kijitabu kinachomtaja Jebb peke yake kimesimulia nusu ya habari.

Hatua ya 3: Tenganisha mashirika yenye majina yanayofanana

Hapa ndipo muda unapopotea, kwa hiyo soma taratibu.

Kitabu kimoja kitakuambia shirika lilianzishwa London mwaka 1919, kingine Geneva mwaka 1920. Vyote viwili viko sahihi, kwa sababu vinazungumzia vyombo viwili. Cha kwanza ni Mfuko wa London, wa Waingereza. Cha pili ni Umoja wa Kimataifa wa Save the Children ulioundwa Geneva Januari 6, 1920, chini ya ulezi wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ili kuunganisha mifuko ya nchi mbalimbali. Jebb alikuwa nguzo ya vyote viwili, ndiyo maana waandishi wanavichanganya. Katika vitabu vya Kifaransa Umoja huo huitwa Union internationale de secours aux enfants, au UISE kwa kifupi. Ukiona herufi hizo, ujue si Mfuko wa London.

Halafu kuna matawi ya kitaifa, ambayo kila moja lina tarehe yake: Rädda Barnen ya Sweden ni ya 1919, la Marekani ni la 1932, Redd Barna ya Norway ni ya 1946. Mwaka huohuo wa 1946, Umoja wa Geneva uliungana na chama kingine ukabadili jina, na chombo hicho kipya kilivunjwa 1986. Save the Children ya leo, basi, haikushuka moja kwa moja kutoka Geneva kama michoro mingi inavyoonyesha. Nyaraka zenyewe zimekaa mbalimbali: za Mfuko wa London ziko maktaba ya Cadbury, Chuo Kikuu cha Birmingham, na za Umoja zimehifadhiwa Geneva.

Tahadhari nyingine ni njaa ya Urusi ya 1921. Mfuko wa London ulifungua majiko ya kulishia watoto katika jimbo la Saratov. Fridtjof Nansen wa Norway naye aliongoza juhudi za kimataifa, na shirika la Wamarekani chini ya Herbert Hoover, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, lilikuwa kubwa kuliko yote. Kila hesabu ya watoto waliolishwa, uliza kwanza imehesabiwa na nani, kwa jiko la nani. Kama kitabu hakisemi, usiiandike.

Mimi kila chombo nakipa rangi yake ya kalamu: bluu London, nyekundu Geneva, kijani matawi ya kitaifa. Tukio lisilo na rangi haliingii kwenye kijitabu.

Hatua ya 4: Fuata hati moja mpaka mwisho

Chagua Azimio la Haki za Mtoto ambalo Jebb aliliandika 1923 na Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, likalipitisha 1924. Lina vipengele vitano tu. Kimoja chasema mtoto mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, yatima apewe makazi. Kingine kwamba wakati wa dhiki mtoto awe wa kwanza kusaidiwa. Lifuatilie hadi azimio la Umoja wa Mataifa la 1959, kisha Mkataba wa Haki za Mtoto wa Novemba 20, 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990 na Tanzania 1991.

Hatua ya 5: Tafuta Afrika inaingia wapi

Usisubiri miaka ya njaa zilizoonyeshwa kwenye televisheni. Juni 1931, Umoja wa Geneva uliitisha mkutano kuhusu mtoto wa Kiafrika, na Waafrika waliokuwamo ukumbini walikuwa wachache mno. Jomo Kenyatta aliandika kuhusu mkutano huo katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wagikuyu, akieleza jinsi baadhi ya wajumbe wa Ulaya walivyotaka tohara ya wasichana ikomeshwe kwa sheria. Mimi siitetei mila hiyo hata kidogo. Lakini aya hiyo lazima iwemo, kwa sababu swali la nani anamsemea mtoto wa nani lilikuwapo tangu mwanzo wa kazi hii, na wafanyakazi wa vituo vyetu bado wanakutana nalo.

Hatua ya 6: Andika

Kurasa mbili zinatosha. Jebb alifariki Geneva Desemba 17, 1928, kwa hiyo kila unapomtaja baada ya tarehe hiyo, rudi kwenye kaunta buku uangalie ni nani hasa aliyekuwa akifanya kazi.