Kabla hujawapandisha watoto kwenye boti: safari ya kwanza kutoka Mtwara hadi Kilwa Kisiwani

Cha kwanza kupanga si nauli wala chakula, ni mikono. Chukua karatasi, andika majina ya watoto wote mnaokwenda nao, kisha mbele ya kila jina andika jina la mtu mzima atakayemshika wakati wa kupanda boti, wakati wa kushuka na muda wote mtakaokuwa majini. Anayenyonya ameshachukua mikono yote miwili ya mama yake. Wa miaka miwili hadi mitano anataka mtu wake peke yake. Wawili wa miaka sita na kuendelea wanaweza kukaa chini ya mtu mmoja, ikiwa ni watoto wa kuambiwa mara moja wakasikia. Sisi tuna wanne: wa tisa, wa sita, wa minne, na wa mwisho alikuwa hajatimiza mwaka na nusu. Kwa hesabu hiyo mimi na baba yao hatukutosha, tukamwomba mdogo wangu wa kike aliye Lindi tumpitie njiani. Tulimlipia nauli, chakula na malazi, na katika gharama zote za safari ile sijaona nyingine iliyotufaa zaidi.

Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, naipendekeza kwa safari ya kwanza kwa sababu kipande cha majini ni kifupi. Kutoka Mtwara mjini hadi Kilwa Masoko ni kilomita karibu 300 za barabara: unapita Lindi, ukifika Nangurukuru unakata kulia, zinabaki kama 30. Kutoka Masoko kuvuka kwenda Kisiwani ni mkondo wa kilomita mbili hivi, umekingwa, na watoto wanaliona gofu la Gereza, ngome ya kale, ng'ambo hata kabla hawajapanda. Msisafiri na kuvuka siku hiyohiyo. Mtoto aliyetoka kwenye gari akiwa amechoka hana subira ya kuvalishwa jaketi wala ya kukaa palepale alipoambiwa akae. Laleni Masoko, mvuke asubuhi.

Kuhusu msimu, likizo za shule hazikupangwa kwa kufuata bahari. Likizo ya Juni inaangukia kwenye kusi, upepo wa kutoka kusini, unapokuwa na nguvu, na ya Desemba inakuja kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, likianza, pamoja na mvua zetu za huku kusini. Bahari tulivu zaidi ni ile ya tanga mbili, Oktoba hadi Novemba, kusi limeisha na kaskazi halijashika. Mwenye nafasi aangalie kama Nyerere Day, tarehe 14 Oktoba, inakaa karibu na mwisho wa juma. Asiyeweza ila Juni bado anaweza kwenda, ila avuke mapema na arudi mapema, maana upepo hupanda kadiri jua linavyopanda. Machi hadi mwanzoni mwa Mei mimi nisingewapeleka. Kimbunga Hidaya kilitufikia mapema Mei 2024, wakati ambao wengi tulidhani hatari imeshapita.

Kuanzia siku tatu kabla, fuatilieni kila siku utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mkisikia ile tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa pwani ya Lindi na Mtwara, msijadiliane: ahirisheni. Waambieni watoto mapema kwamba bahari ndiyo itakayosema ndiyo, ili siku ya kuahirisha isiwe siku ya kilio.

Sasa maji yenyewe. Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, na sisi tulikosea. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake huchelewa kwa dakika kama 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani hii kupwa kwake kwa asubuhi huangukia karibu saa nne. Saa nne ndiyo saa ambayo familia yenye watoto wadogo, ikishaamka, ikala, ikavaa na kufika pwani, inakuwa inashuka upande wa pili.

Siku yetu ya pili tuliamua kwenda Songo Mnara, ambako ni mbali zaidi na njia yake inapita kwenye mikoko. Ulikuwa mwezi mpevu. Tulipofika boti ikagusa chini, na kati yetu na ardhi kavu kulikuwa na tope tupu. Nahodha alishuka, maji yakamfika magotini, akambeba wa miaka minne begani. Mimi nilikuwa na mdogo kifuani na begi mkononi, na kila hatua tope lilikuwa linashika. Wa miaka sita alikuwa akitembea nyuma yangu na yeboyebo zake, mmoja ukabaki ndani ya tope, akainama kuutafuta kwa mkono, akaanguka. Hakuumia. Lakini alipoinuka uso wote umejaa tope, analia, na mimi sina mkono hata mmoja wa kumpa, nilijua nimekuja siku mbaya. Mume wangu alikuwa nyuma akimshika mkubwa, mdogo wangu alikuwa amebaki Masoko kwa sababu tulimwambia apumzike. Hesabu ya mikono tuliyoiandika tuliivunja wenyewe.

Kwa hiyo chagueni maji mafu. Kwa kalenda ya Kiislamu, ambayo nyumba nyingi za pwani zinayo ukutani, ni kama tarehe 8 hadi 10 na tena 22 hadi 24. Siku hizo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na maji ya asubuhi huwa yamejaa saa zenu za kufika. Kisha mpigieni nahodha siku mbili kabla mthibitishe, kwa sababu yeye anaijua pwani yake kuliko kalenda. Songo Mnara iacheni kwa safari ya pili, watoto wakishakua kidogo.

Jaketi okozi, au laifujaketi kama wengi tunavyoita, liulizieni kabla hamjatoka nyumbani. Swali si kama yapo. Swali ni: ya watoto yapo? Boti nyingi zina ya watu wazima tu, na jaketi la mtu mzima kwa mtoto ni hatari, kwa sababu akiingia majini lenyewe linaelea juu na yeye anachomoka chini. Ndani ya jaketi huwa pameandikwa uzito kwa kilo, basi mpimeni kila mtoto kabla ya safari. Pale pwani mvalisheni, fungeni kila kifungo, pamoja na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mwambie anyanyue mikono juu, kisha shika jaketi mabegani ulivute kwenda juu. Kidevu na masikio vikizama ndani, si lake. La binti yangu wa miaka minne lilipanda hadi likafunika masikio, akabaki ananiangalia kwa macho tu juu ya kola. Tukaligeuzageuza, tukakaza, bado. Tukasubiri zaidi ya saa nzima hadi lilipopatikana la saizi yake kwenye boti nyingine. Subirini na ninyi. Maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea, hayahesabiki.

Kina mama wenzangu, jambo hili nawaomba mno: ndani ya boti fungueni mbeleko. Tumezoea kumfunga mtoto mgongoni na kanga kila mahali, na nchi kavu hakuna njia bora. Lakini mama mwenye jaketi akianguka majini hulala chali, na aliyefungwa mgongoni anakuwa chini ya maji, amekazwa kwa fundo. Mshike mbele, naye amevaa lake. Mkifika nchi kavu, mbeleko inarudi.

Nahodha msalimieni vizuri, watoto wamwamkie, kisha mwulizeni bila haya. Boti hii inabeba watu wangapi? Mafuta ya kwenda na kurudi yapo? Mashine ikizima, kuna makasia, au kuna mashine ya akiba? Kopo la kukumbia maji liko wapi? Wa kwetu alitutazama, akaanza kutuhesabu kwa kidole, akafika kwa aliyekuwa kifuani kwangu akamhesabu naye. Nikamwambia huyu mdogo. Akasema, "Mama, mtoto naye ni mtu." Hapo nikajua tumepata nahodha. Akitokea wa kuwaambia watoto hawahesabiki, au anayetaka kuongeza abiria wengine juu ya idadi yenu, shukeni. Tunaokumbuka meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba, tunajua chombo kilichojazwa kupita kiasi kinaishia wapi.

Kichefuchefu cha bahari huwashika zaidi watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili. Walio chini ya miwili ni nadra. Kinatokea kwa sababu sikio la ndani linahisi mwili unayumba, huku macho yakiangalia sakafu ya boti au simu yanasema umetulia, na ubongo hauelewi umsikilize nani. Basi simu iingie kwenye begi. Mtoto akae katikati ya boti, mbali na moshi wa mashine, na aonyeshwe kitu cha mbali kisichosogea, kama mnazi mrefu au ukuta wa Gereza. Asubuhi ale kidogo: kitumbua kimoja, au chapati kavu na chai isiyo na maziwa mengi. Tumbo tupu ni baya sawasawa na tumbo lililojaa. Dawa za kuzuia kutapika msinunue kwa kukisia. Mwendeeni mfamasia na uzito wa kila mtoto mkononi, na mkumbuke zipo ambazo haziruhusiwi kwa walio chini ya miaka miwili, promethazini ikiwemo.

Kujua nani atatapika, na nani ataogopa, hakuhitaji kufika Kilwa. Sisi watu wa Mtwara tuna kivuko cha kwenda Msanga Mkuu. Wiki mbili kabla wavusheni watoto wote, siku ya kawaida, mwende na kurudi. Ni fupi na ni nafuu, na inakuambia mengi. Pale ndipo tulipogundua kwamba yule mkubwa, ambaye nyumbani haogopi chochote, alikamata nguo ya baba yake na hakuiachia hadi tulipofika. Tulirudia tena Jumapili iliyofuata, na Kilwa alikuwa yeye anayemshika mdogo wake mkono.

Begi liwe moja la mgongoni, na vitu vyote ndani vifungwe kwenye mifuko ya nailoni. Maji ya kunywa wekeni mengi kuliko mnavyodhani, kwa sababu kisiwani jua ni kali na msipange kutegemea maduka. Mihogo ya kuchemsha, mayai, machungwa, korosho kwa wakubwa, na kama ni msimu wake ming'oko, vile viazi vya porini, ambayo watoto wa huku hula bila kubembelezwa. Korosho nzima msimpe aliye chini ya miaka minne ndani ya boti, anaweza kupaliwa. Nguo ya kubadili kwa kila mtoto, kofia, shati la mikono mirefu, viatu vinavyofungwa mguuni badala ya kandambili. Pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini, dawa ya homa, plasta. Kadi za kliniki na za bima zisibaki nyumbani: hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje, si Masoko, na ni mwendo wa gari. Gesti mtakayolala kagueni chandarua kabla ya kulipa, maana malaria mikoa yetu hii haijaondoka.

Magofu yana kibali, hukatwa Masoko kabla ya kuvuka, na mnapewa mtu wa kuwatembeza. Msitake kuona vyote. Gereza, Msikiti Mkuu na Makutani vinatosha kwa miguu midogo. Husuni Kubwa iko mbali zaidi, juu ya mwamba unaoangalia bahari, na katika magofu kuna visima na kuta zilizomomonyoka, kwa hiyo wale wa kushikwa washikwe kama mko ndani ya boti. Wiki moja kabla wasimulieni. Waambieni kwamba mwaka 1331 Ibn Battuta alifika mji huu akausifu, na kwamba mwaka 1944 kule kaskazini mwa Australia ziliokotwa sarafu tano za shaba zilizotengenezwa hapa Kilwa. Wa miaka tisa alizunguka Msikiti Mkuu mzima ameinamisha kichwa anatafuta sarafu ya sita, na ilibidi tumweleze kwamba hata angeiona, haiokotwi.

Mwachieni mtu mmoja nchi kavu, ndugu au mwenye gesti, jina la boti, namba ya nahodha na saa mtakayorudi, na mkubaliane ikipita saa hiyo hajawaona afanye nini. Saa ya kurudi ipangeni na nahodha asubuhi, si mchana watoto wakishalala mabegani. Na kabla boti haijaondoka Kisiwani, toa ile karatasi ya majina, uite jina moja moja, na kila mtoto aitike kwa sauti yake mwenyewe akiwa ameshaketi, jaketi limefungwa, na mtu wake yuko pembeni yake.