Kabla hujageuza sentensi ya "will have" kuwa ya kutendwa (passive), angalia haya kwanza

Watoto wetu wa P7, yaani darasa la saba, hapa Arua, Uganda, kanuni ya kugeuza wanaijua kichwani, ukiwauliza wanakuimbia bila kukwama, ila ukiwapa kalamu ndo shida inaanza. Na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni Novemba. Kwa hiyo kabla mtoto hajagusa sentensi, hakikisha hii tensi anaielewa kwa Kiswahili kwanza, maana sisi tunayo na tunaisema kila siku: mama atakuwa ameshapika maharage kufikia saa mbili. Geuza, maharage yatakuwa yameshapikwa. Umeona hiyo w ilivyoingia kwenye pikwa? Kiingereza hakina hiyo w, kazi yake hapo inafanywa na "been" pamoja na kitendo chenyewe kwenye umbo la tatu, lile la mwisho kwenye eat, ate, eaten. "Mother will have cooked the beans by eight o'clock" inakuwa "The beans will have been cooked by Mother by eight o'clock". Hapo kuna "by" mbili, moja ya mtenda na moja ya muda, mtoto asiogope akafuta moja. Na umkumbushe eight o'clock ndo saa mbili yetu.

Juzi nimeshika daftari la mpwa wangu, ukurasa mzima ni "will have be washed", "will have being washed", halafu chini kabisa "she will has washed", eti kwa sababu ni "she". Nilimkalisha tukaandika upya moja moja. Baada ya "will" ni "have" tu, mtenda awe nani awe nani, na ukishageuza, baada ya "have" ni "been", haibadiliki.

Kingine, kabla ya kugeuza aulize: hiki kitendo kinampata nani? Kama hakuna kinachotendwa, aache. "The bus will have arrived" haigeuki, basi halifikishi kitu, limefika tu lenyewe, ukiandika "will have been arrived" umekosa. Na "will have been digging" isimdanganye kwa sababu ameona "been", hiyo yenye -ing mtenda bado yuko kazini.

Umbo la tatu akariri mapema, sio usiku wa mtihani: eaten, written, beaten, taught, sung, halafu put na cut ambazo hazibadiliki kabisa. "We" ikienda nyuma inakuwa "by us", "I" inakuwa "by me". Ikiwa "Someone will have stolen the goat", huyo someone hana haja ya kutajwa, "The goat will have been stolen" inatosha.

Swali nalo "will" inatangulia: "Will the books have been marked?" Ikiwa ni kukataa, "not" inakaa hapo hapo baada ya "will", "The books will not have been marked", na mpwa wangu hiyo bado anaiweka mwisho, leo jioni tunarudia.