Mtoto kaumia na mko emajensi, maumivu yake yashughulikieni hivi

Mkifika dharura, iwe hospitali ya Mawenzi, KCMC au Mount Meru, na mtoto kavunjika mkono au kamwagikiwa chai, mwambie nesi mapema kabisa "anaumia sana, naomba apewe dawa ya maumivu wakati tunasubiri", maana foleni ya x-ray unaijua. Kuna wanaogopa eti dawa itaficha ugonjwa, hasa wa tumbo, hapana, mtoto aliyetulia ndo anapimika vizuri.

Kabla hamjatoka nyumbani, kama kaungua weka maji ya bomba yatiririke dakika 20, sio kolgeti wala asali wala yai jamani. Mkono uliovunjika usiunyooshe, ufunge na kipande cha boksi na khanga usitikisike, hapo tu maumivu yanapungua sana, mashimo ya njiani mtayavumilia.

Kama anameza bila shida mpe paracetamol, hesabu ni miligramu 15 kwa kila kilo, yani wa kilo 12 anapata 180, na kama sirapu yako ni 120 kwa mililita 5 basi ni mililita 7.5, soma chupa kwanza maana zinatofautiana, pima kwa sirinji sio kijiko cha chai, isizidi mara 4 kwa siku, alafu andika saa uliyompa umwonyeshe nesi asije akarudia. Chakula acha kwanza mpaka uulize, huenda akahitaji kulazwa usingizi kuvuta mfupa. Aspirini mtoto hapewi hivi hivi, na kodeini (dawa nyingine ya maumivu) chini ya miaka 12 kataa. Ibuprofen nayo inasaidia ila sio kwa aliyeharisha hadi kaishiwa maji.

Wakija kushona uliza ganzi. Mfupa ukivutwa kabla ya kufungwa hogo (plasta ngumu) mara nyingi wanatumia dawa ya usingizi ya ketamine, mtoto anaweza kukodoa macho huku hasikii kitu, usishtuke. Kichanga mnyonyeshe wakati wa sindano, mkubwa kidogo mpakate, na usimwambie "haiumi", mwambie itauma kidogo alafu itaisha, na ile ya "ukilia daktari atakuchoma" tuiache kabisa, mnatuharibia kazi manesi!

Mwangalie uso na miguu, mtoto mkimya aliyejikunja asiyetaka kuguswa anaweza kuwa anaumia kuliko yule anayepiga kelele. Nusu saa hadi saa baada ya dawa kama bado, rudi kwa nesi umwambie, hata mofini, dawa kali ya maumivu, watoto wanapewa kwa kipimo chao na dozi moja mbili za hospitali hazimfanyi teja.