Jinsi ya kumuuliza waziri swali asilikwepe (kwa sisi wa kanda ya ziwa)

Mwangaluka wadau. Bunge likianza kule Dodoma hapa mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza, redio zinafunguliwa mapema, watu wanasikiliza kipindi cha maswali huku wanashindilia dagaa kwenye viroba, mbunge wa kwetu akisimama utasikia "huyooo", akikaa kila mtu anarudi kwenye kiroba chake na ukiuliza waziri kajibu nini hakuna anayejua. Sio kwamba hawakusikiliza. Waziri hajajibu kitu, na mimi siku hizi simlaumu waziri peke yake maana mara nyingi swali lenyewe limempa mlango wa kutokea.

Mimi sio mbunge wala sina mpango huo, nauza dagaa tu, ila nimepeleka maswali kwa wabunge wa mkoa huu mara kadhaa, mengine yalisomwa mengine yaliishia kwenye droo, kwahiyo naandika nilichojifunza. Kama wewe ni diwani, katibu wa mbunge, mwenyekiti wa BMU (kile kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi mwaloni) au mwananchi tu mwenye kero, chukua kinachokufaa.

Kwanza hii haki sio hisani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ibara ya 63 inasema Bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hayo maneno "katika wajibu wake" yapigie mstari, maana hapo ndipo maswali mengi ya huku kwetu yanakufa kabla hayajafika popote. Mtu anaandika barua ndefu kwa Waziri wa Ujenzi kuhusu barabara ya kijijini kwao, kumbe ile ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, Ujenzi wana TANROADS ambayo ni barabara kuu na za mikoa. Zahanati ya kijiji haina jengo? TAMISEMI. Sera ya dawa au hospitali kama Bugando? Afya. Maji ya mjini ni MWAUWASA, ya vijijini RUWASA, hawa wote bosi wao Waziri wa Maji, hapo angalau wameturahisishia. Kivuko ni TEMESA ambao wako Ujenzi, lakini meli ya abiria ni Uchukuzi na usalama wa chombo majini ni TASAC ambao nao wako Uchukuzi, yaani mtu wa Ukerewe anayevuka maji anahitaji mawaziri wawili kwa safari moja. Samaki, nyavu, vizimba vya kufugia samaki ni Mifugo na Uvuvi. Magugu maji ukiyauliza utapigwa danadana kati ya Mazingira, Maji na Uvuvi kwahiyo hapo chagua kitu kimoja unachotaka kifanyike halafu muulize mwenye bajeti yake. Hapo kwenye bajeti rudia tena. Mwenye fungu la pesa ndiye wa kuulizwa.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Mbunge anapeleka swali la msingi kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge mapema kabla ya mkutano, ofisi inalinyoosha inalipeleka wizarani, wataalamu wa wizara wanakaa wanaandika jibu, siku ikifika Waziri au mara nyingi Naibu wake anasimama na karatasi: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Umeona? Swali la msingi halimshtui mtu, jibu limeshapikwa wiki nzima. Ila muulizaji akishajibiwa ana haki ya maswali mawili ya nyongeza na hayo hayana karatasi. Huku ziwani mtu yeyote anaelewa chambo na ndoano, swali la msingi ni chambo, nyongeza ndio ndoano yenyewe, sasa mtu anatupa chambo kizuri halafu ndoano anaisahau nyumbani.

Nisimulie letu. Tuna barabara ya kutoka njia kuu kwenda mwaloni kwetu, kama kilomita nane hivi, kijiji sikitaji. Mvua zikianza Fuso haishuki, dagaa wanabaki kwenye vichanja wanaloa, waliolowa bei yake ni ya chakula cha kuku. Tukaandika swali tukampa mbunge wetu wa kipindi hicho, tukajiona wajanja kweli: "Je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara ya kwenda mwalo wetu?" Siku ikafika, tukajazana kwenye kibanda cha chaji, jibu likaja: Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, na itaijenga kwa kiwango cha lami kadiri fedha zitakapopatikana. Basi. Mbunge akasimama akashukuru kwa majibu mazuri, halafu nyongeza zote mbili akaulizia barabara za kata nyingine kabisa, mzee mmoja pale kibandani akazima redio bila kuomba ruhusa ya mwenye redio.

Nilikasirika wiki nzima ila baadae nikasoma lile swali upya nikaona ni letu lilikuwa bovu. "Je ni lini" ndio swali linalopendwa kuliko yote pale Dodoma na ndilo rahisi kuliko yote kulijibu, kwasababu jibu lake ni "fedha zikipatikana" na hilo sio uongo, hakuna serikali inayojenga bila fedha. Sawa na "Serikali ina mpango gani", jibu lake ni kwamba serikali ina mpango kabambe. Ukimuuliza mtu ana mpango gani atakupa mpango, maneno hayana gharama.

Kwahiyo uliza kitu ambacho kimeshatokea au kilitakiwa kiwe kimetokea. Namba, tarehe, mwaka wa fedha, jina la mradi. Lile swali letu lilitakiwa liwe hivi: katika mwaka wa fedha uliopita halmashauri yetu ilitengewa shilingi ngapi za matengenezo ya barabara za TARURA, zilizofika ni ngapi, na zilitumika kwenye barabara zipi? Hapo hakuna "kadiri zitakapopatikana", zilishapatikana au hazikupatikana, na jibu lolote linakupa pa kushika. Akisema zilifika zote, nyongeza ni mbona barabara ipo vilevile. Akisema zilifika nusu, nyongeza ni nusu nyingine iko wapi na nani aliamua kwetu ndio kukatwe. Andika nyongeza zote mbili pamoja na za akiba kwenye karatasi ileile umpe mbunge, tena muombe kabisa kwa adabu, Mheshimiwa tunaomba nyongeza zisitoke nje ya jambo hili. Usiogope kumwambia. Anapenda kuonekana kaibana serikali kuliko unavyodhani, ila yeye ana kata ishirini na ngapi sijui kichwani, asipopewa karatasi atauliza la mtu wa mwisho aliyempigia simu.

Mfano mwingine wa huku huku. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikitokea Bugolora, kivuko cha kubeba watu 101, waliokufa tu ni 228. Baada ya jambo zito namna ile mtu anaweza kusimama akauliza serikali ina mkakati gani wa usalama wa vivuko, akapewa mkakati akakaa. Swali lenye meno ni kuuliza vivuko vinavyofanya kazi ziwani leo ni vingapi, kila kimoja kilikaguliwa mara ya mwisho tarehe gani, na nani anahesabu abiria kabla kamba haijafunguliwa. Mtaalamu wa wizara akikaa kuandika jibu la swali hilo itabidi apige simu gatini kuuliza, na ile simu peke yake ni kazi tosha, nina imani mambo mengi yanarekebishwa kati ya siku swali linafika wizarani na siku linajibiwa, kabla hata Naibu Waziri hajasimama.

Au daraja la Kigongo-Busisi. Limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu, zuri sana, mimi mwenyewe nilivuka siku za mwanzo bila shughuli yoyote nikarudi. Kusifia kuna watu wa kutosha, mbunge wa maeneo yale aulize vile vivuko vilivyokuwa pale vimepelekwa wapi na vina hali gani, na mama ntilie na wauza samaki waliokuwa wanaishi kwa ile foleni ya kusubiri kivuko wametengewa eneo gani. Maswali mafupi hayo, ukisoma kwa sauti hayafiki nusu dakika.

Ufupi ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Swali lenye hotuba ndani linanyofolewa na ofisi ya Bunge. Usiweke lawama, usiweke tetesi, usiulize jambo lililopo mahakamani, usiulize "ingekuwaje kama". Na usiweke mambo matatu kwenye swali moja maana waziri atajibu lile rahisi kwa dakika mbili na mengine atayapitia juu juu kama mtu anayekanyaga matope.

Alhamisi ni habari nyingine. Kuna nusu saa ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, hapo hapewi swali kabla, lakini lazima liwe la sera. Ukiuliza kisima cha kijijini kwenu utaambiwa peleka kwa waziri husika. Dawa yake ni kukipandisha cheo kisima chako, yaani badala ya kisima uliza sera inasemaje kuhusu vijiji vilivyo ufukweni kabisa mwa ziwa ambavyo watu wake bado wanachota kwa ndoo. Waziri Mkuu akitoa kauli pale ni kauli ya serikali nzima, na mawaziri wote wamekaa wanasikia.

Halafu kuna bajeti, Aprili mpaka Juni, na hapa ndio mbunge ana nguvu kweli ila wengi wanaitumia kama sherehe. Wizara ikishawasilisha na kujadiliwa, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, ukifika mshahara wa waziri mbunge anaruhusiwa kuomba ufafanuzi wa sera, asiporidhika anatangaza anashika shilingi. Wale wageni, shilingi ni kweli shilingi moja ya mshahara wa waziri, thamani yake sio pesa, ni kwamba wabunge wengine wanapata nafasi ya kusimama kuchangia hoja hiyo moja tu na waziri analazimika kurudi kujieleza. Nimeshuhudia mara nyingi mtu anashika shilingi kwa mbwembwe, wenzake wanamuomba airudishe, anairudisha baada ya kuambiwa "tutaonana ofisini". Ukimshauri mbunge wako mwambie asiirudishe mpaka apate tarehe au kiasi kilichotamkwa kwenye kipaza sauti. Cha ofisini hakiingii kwenye Hansard, yaani taarifa rasmi za Bunge.

Na tusidanganyane, mawaziri wenyewe ni wabunge, wengi wao na waulizaji ni chama kimoja, kuna mbunge anaogopa kumkera mtu ambaye kesho anaweza kuwa bosi wake au anayetaka amjengee shule. Ndio maana mnasikia "naishukuru serikali sikivu" nyingi kabla ya swali. Sio kwamba haiwezekani, Februari 2008 kamati teule ya Bunge kuhusu Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura, iliwasilisha ripoti na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na wengi waliokuwa wanabana walikuwa wa chama chake mwenyewe. Ila siku ya kawaida mbunge anahitaji kisingizio, na karatasi yako yenye namba na sahihi za watu mia mbili za mwaloni ndio kisingizio kizuri, anasema sio mimi ni wapiga kura.

Kupeleka sasa. Ofisi ya mbunge jimboni mara nyingi iko pale pale kwa mkuu wa wilaya, muulize katibu wake, huyu katibu mheshimu kuliko hata mbunge maana yeye ndiye anajua karatasi iko wapi. Peleka zaidi ya mwezi kabla ya mkutano kuanza, ukurasa mmoja, picha mbili tatu za simu zenye tarehe, na nakala bakia nayo. Halafu mtumie WhatsApp kukumbusha, sio kila siku, mtu anachoka.

Likishajibiwa kazi ndio inaanza. Taarifa rasmi za Bunge zinawekwa kwenye tovuti yao, tafuta siku hiyo, tafuta jina la jimbo, chapa ule ukurasa. Steshenari yoyote mjini pale wanakutolea. Upeleke kwenye mkutano wa kijiji ukasomwe kama ulivyo, mpe na meneja wa TARURA wa wilaya nakala akijua kuna watu wanayo, anaweza akakunja uso ila ataipokea.

Sisi baada ya lile la kwanza tuliandika la pili kwa namba. Jibu lilikuja na kiasi na mwaka wa fedha, na baada ya masika greda likaja likachonga kilomita tano kutoka njia kuu likasimama. Tatu zilizobaki ndio zile za karibu na maji zenye tope lenyewe. Kwahiyo la mkutano ujao tumeshaliandika, liko kwa katibu: barabara ya kwenda mwalo wetu imechongwa kilomita tano kati ya nane, je, fedha zilizotajwa humu Bungeni zilikuwa za kilomita ngapi?